Lita Moja na Robo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na mimi nimeanza daftari hili. Lilikuwa la stoo, likatupwa kwa sababu panya waliguguna pembe moja, lakini karatasi zake bado nzuri. Nina miaka kumi na tisa katika chumba cha kuchanganyia dawa cha hospitali hii na sijawahi kuandika habari zangu hata siku moja. Naona ni hasara. Nikistaafu watasema pale palikuwa na mama mmoja mnene mwenye maneno mengi. Basi waijue na kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kila Jumatatu spiriti inatoka stoo ikiwa kali, asilimia tisini na sita. Ukali huo hautufai. Watu hudhani kali zaidi ndiyo bora zaidi, kumbe spiriti kali mno humbabua kijidudu ganda la nje tu, ndani akabaki mzima anatucheka. Ikiwa na maji kiasi ndipo inapenya. Kwa hiyo naishusha hadi sabini, ndipo inakwenda wodini kwa ajili ya mikono, ngozi na vyombo. Ikizidi kushuka inakuwa maji yenye harufu. Miaka kumi na tisa haijashuka mikononi mwangu. Nimelisema na silirudishi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Pipa letu la bluu limepasuka, pipa nililolikuta hapa nilipoajiriwa. Ndani yake kulikuwa na mstari wa rangi nyekundu, aliouchora mzee aliyenifundisha kazi. Alinionyesha siku ya kwanza: mimina madumu saba ya spiriti, ya lita tano tano, kisha tia maji hadi yaguse mstari, funika, subiri ipoe, maana spiriti na maji vikikutana hupata joto kidogo. Ikishapoa ndipo utumbukize kile kijiti cha kioo kinachoelea, usome ukali. Siku zote kilisoma sabini.

Nilimuuliza siku ile, maji ni lita ngapi? Akasema, "Maji hayapimwi, binti yangu. Maji yanaambiwa pa kusimama." Nikadhani mzee hajui kugawanya. Ameshatangulia mbele ya haki, na maneno hayo nimewasimulia watu wengi kama kichekesho.

Ijumaa, 7 Machi

Tumepata mkuu mpya wa stoo. Kijana nadhifu, shati limenyooshwa hata kwenye kikwapa. Anatembea na daftari kwapani, kwa hiyo tayari tumempa jina la Bwana Daftari. Ameniletea pipa jeupe lenye mistari ya lita iliyopigwa chapa kuanzia moja hadi sitini, na fomu yenye safu tatu: spiriti iliyoingia, maji yaliyoingia, jumla iliyotoka.

"Mama, maji huwa unaweka lita ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia asubiri. Sikuchukua kalamu. Tisini na sita mara thelathini na tano ni elfu tatu mia tatu na sitini. Gawa kwa sabini, unapata arobaini na nane. Hiyo ndiyo jumla. Toa thelathini na tano za spiriti, maji ni kumi na tatu. Nikamtajia zote tatu kabla hajamaliza kufungua kalamu yake.

Akanitazama. "Umesoma wapi hesabu, mama?"

"Hapa hapa," nikasema. Nilitembea hadi nyumbani bila mwavuli, na sikujali.

Jumatatu, 10 Machi

Jambo la ajabu. Nimemimina spiriti thelathini na tano, maji kumi na tatu kwa jagi, nikafunika, nikaenda wodini kugawa dawa. Niliporudi baada ya muda wa saa tatu imeshapoa, pipa linasoma arobaini na sita na kitu. Si arobaini na nane. Lita moja na robo hivi haipo.

Sakafu kavu. Bomba la pipa halivuji. Kijiti cha kioo kinasoma sabini na mbili, nacho kimezeeka kama mimi. Afadhali kali kuliko dhaifu. Nimeandika kwenye fomu kile nilichokiona, kwa kuwa siandiki nisichokiona.

Jumatano, 12 Machi

Mvua usiku kucha. Magonjwa ya tumbo yameanza kuja, wodi mbili zimejaa. Sista wa zamu anaomba spiriti ya mikono mara mbili ya kawaida.

Jumatatu, 17 Machi

Tena. Thelathini na tano, kumi na tatu, na mwisho arobaini na sita na vipande. Safari hii nilihakiki jagi kwa silinda ya kioo, halina dosari. Nikaliweka pipa sawa kwa timazi niliyoazima kwa mume wangu, ambaye ni fundi mwashi. Pipa limesimama sawasawa. Kijiti kinasoma sabini na mbili, kama wiki iliyopita.

Bwana Daftari alikuja mwenyewe kuangalia. Alipigia mstari ile namba, kwa wino mwekundu.

Jumanne, 18 Machi

Jioni nilimweleza mume wangu wakati anaosha miguu karaini. Akasema, "Mama watoto, hilo mbona la kawaida. Tia ndoo ya kokoto, tia ndoo ya mchanga, changanya. Hupati ndoo mbili. Mchanga unaingia katikati ya kokoto."

Nikamwambia spiriti si kokoto, na hospitali si jengo. Akasema sawa, akaomba taulo. Mwanaume huyu ana jibu la saruji kwa kila swali.

Jumatatu, 24 Machi

Mara ya tatu. Lita moja na robo, ile ile, kama mtu anayekuja na chupa yake.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Chumba kina funguo mbili. Moja ninayo mimi. Ya pili anayo Mzee Kimya, msafishaji wetu, anayeingia kupiga deki saa nne, wakati pipa limefunikwa linapoa na mimi niko wodini. Jina la Kimya tulimpa kwa sababu hasemi. Ni mtu wa shikamoo na kazi. Lakini hapa kila mtu anajua alivyokuwa zamani. Alikuwa mnywaji, wa kuokotwa mitaroni. Ameacha, wanasema. Miaka sita sasa.

Nimefanya naye kazi miaka yote hiyo na sijakosa hata pamba. Lakini mikono yangu haikosei, jagi halikosei, pipa halivuji. Nani amebaki? Kikulacho ki nguoni mwako. Bwana Daftari aliponiuliza nani mwingine huingia humo, pale dirishani kwake stoo, watu wakiwa wamepanga foleni ya vifaa, nilimjibu kwa sauti yangu hii isiyojua kunong'ona: "Ufunguo wa pili anao Kimya. Na Kimya mnamjua."

Jumanne, 25 Machi

Kimya amesimamishwa kazi hadi mwisho wa uchunguzi. Mwezi ujao ukifika katikati na jambo halijaeleweka, anafukuzwa. Amekuja kunikabidhi ufunguo. Aliuweka mezani, akaunyoosha uwe sambamba na ukingo, kama anavyonyoosha kila kitu.

"Mama," akasema, "umeniona?"

"Sijakuona, mzee. Ila hesabu inaonyesha."

Akatikisa kichwa, akatoka. Kandambili zake zililia topeni hadi getini.

Alhamisi, 27 Machi

Manesi hawaongei lingine. Lisemwalo lipo, wanasema. Mimi ndiye niliyelisema. Chumba ni kichafu, nimepiga deki mwenyewe na mgongo unauma.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika kwa utaratibu, hatua kwa hatua, maana leo sitaki kuruka kitu.

Asubuhi nilijifungia na pipa. Funguo zote mbili mfukoni mwangu. Nilimimina madumu saba, moja moja, nikihesabu kwa sauti. Nikatia maji kumi na tatu. Nikafunika kifuniko, nikazungushia plasta ya jeraha mara mbili, nikaketi juu ya kigoda mbele yake. Sista alipogonga nilimwambia arudi baadaye. Sikwenda chooni. Saa tatu nzima nilikaa nikilitazama pipa na pipa likinitazama, mvua ikipiga mabati.

Nikabandua plasta. Arobaini na sita na vipande vinane. Lita moja na robo haipo.

Nilikaa tena chini. Hakuna aliyeingia. Kimya yuko kwake, siku ya saba. Mwizi pekee ndani ya chumba kile nilikuwa mimi, na mimi sikuwa nimekunywa kitu.

Nikatumbukiza kijiti. Sabini na mbili. Mara nne sasa kinaniambia sabini na mbili, na mara zote nimekiita kizee. Safari hii nilikisikiliza. Kama mtu angechota mchanganyiko, ungebaki ule ule sabini. Kama angechota spiriti akafidia kwa maji ili nisijue, ungeshuka, ungekuwa sitini na kitu. Huu umepanda. Ukali unapanda pale maji yanapokuwa machache. Kilichopungua humu ndani ni maji.

Nani anaiba maji msimu wa mvua?

Nikachukua jagi, nikaongeza maji kidogo kidogo hadi pipa likasoma arobaini na nane kamili. Yaliingia lita moja na robo, na tone. Nikasubiri, nikapima. Sabini. Sabini ya zamani, ile ya mstari mwekundu. Mzee yule alijua. Spiriti na maji vikikutana vinabanana, vinakaa ndani ya nafasi ndogo kuliko vilipokuwa mbali mbali, ndiyo maana alinikataza kuyapima maji peke yake. Unayaambia pa kusimama. Miaka kumi na tisa nimetia maji zaidi ya lita kumi na nne kila Jumatatu bila kujua, na kazi ikawa sahihi. Siku nilipofanya hesabu yangu ya kichwani mbele ya kijana mwenye shati zuri ndiyo siku nilipoiharibu. Ile kumi na tatu ni yangu. Si ya Kimya, si ya Daftari.

Na mume wangu na kokoto zake. Hilo nalo litabidi nilimeze.

Nimelia kidogo, mlango ukiwa umefungwa. Kisha nikapeleka spiriti wodini, kwa kuwa wagonjwa hawana kosa.

Jumanne, 1 Aprili

Nimefanya jaribio dogo la kuonyesha watu. Nusu lita ya spiriti, nusu lita ya maji, kwenye silinda ya lita moja. Ikipoa inasimama mistari mitatu chini ya elfu, kila mstari mililita kumi. Vijiko viwili vya chakula vimetoweka mbele ya macho yangu. Nimerudia mara tatu, na ni vile vile.

Mume wangu nimemwambia usiku akila. Hakunicheka. Alisema tu, "Basi spiriti nayo ina kokoto zake," akaendelea kula. Ingekuwa afadhali angecheka.

Jumatano, 2 Aprili

Ofisini kwa Mganga Mkuu. Yeye, Bwana Daftari, mimi, silinda zangu, na beseni la maji ya kupoozea.

Sikutaka mtu aseme nimefanya kiini macho, kwa hiyo nilimpa Bwana Daftari amimine mwenyewe. Alipima nusu na nusu kwa jicho la mtu anayetafuta wizi. Akachanganya. Akashika silinda, akasema, "Imepata moto." Tukaipooza kwenye beseni. Ilipopoa akainama, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mia tisa na sabini," akasema.

"Zilizobaki nani amezinywa?" nikamuuliza. "Kimya hayumo humu."

Mganga Mkuu alicheka hadi akaegemea kabati. Akasema alifundishwa jambo hili chuoni zamani, akalijibu kwenye mtihani, na halijamrudia kichwani mpaka leo. Bwana Daftari hakucheka. Alitoa fomu zote nne, akakata mstari kwenye ile safu ya maji, akaandika kwa mkono wake: maji hadi alama ya arobaini na nane. Kisha akaniambia, "Mama, mimi ndiye niliyepeleka jina lake juu. Nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi."

Nimembadilishia mtazamo. Nilidhani ni mtu wa karatasi tu, kumbe anaiheshimu karatasi hata inapomsuta. Nikamwambia aende kesho jioni, mimi naenda asubuhi, peke yangu. Langu ni la kwanza.

Alhamisi, 3 Aprili

Kwake ni vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Mvua ilinifuata njia nzima. Nilimkuta juu ya ngazi, anaziba bati linalovuja kwa kipande cha mpira. Mkewe alinipa kigoda, asinikaribishe kitu, na alikuwa na haki.

Nilieleza yote. Spiriti, maji, silinda, kumi na tatu yangu. Nilipomaliza nikasema, "Mzee wangu, nimekukosea. Nilikutuhumu bila kukuona. Nisamehe."

Alishuka kwenye ngazi taratibu. Akakiweka chini kile kipande cha mpira.

"Kazi inapotea, inapatikana," akasema. "Lakini jioni ile niliyorudi, huyu mke wangu alininusa mdomo. Miaka sita hajaninusa."

Mkewe aliinamisha uso. Mimi pia. Ningeweza kuvumilia matusi, anitukane yaishe. Hili sikuwa na pa kuliweka.

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Ulisemea kwenye dirisha la stoo. Kasemee hapo hapo."

Ijumaa, 4 Aprili

Saa mbili na nusu, foleni ikiwa ndefu, nilisimama kwenye dirisha la stoo. Manesi, madereva, wapishi, mafundi umeme. Kimya alikuwa mwisho wa foleni, amevaa shati la kwendea ibadani.

Nilisema hivi, na naandika kama nilivyosema: "Juma lililopita nilisimama hapa nikamtaja mtu. Nilikosea. Hakuna spiriti iliyoibwa. Hesabu niliyojisifia ndiyo iliyokuwa na kosa, na nimeipiga mimi. Mzee huyu hajagusa tone. Mkisikia mtu analirudia jambo hili, mwambieni aje kwangu nimwonyeshe kwa silinda."

Bwana Daftari akatoka nje ya dirisha lake, akampa Kimya mkono mbele ya wote. Sista akasema, "Haya, na mimi nipewe glavu zangu," na foleni ikasogea.

Jumamosi, 5 Aprili

Jua kidogo. Nimefua.

Jumatatu, 7 Aprili

Kimya amerudi. Nilikuja mapema nikamkuta keshapiga deki, na vile vidumu saba vimepangwa kwa mstari, vishikio vyote vikitazama upande mmoja. Nikampa shikamoo mimi, yeye akaipokea. Nikampa na ufunguo wake. Nilikuwa nimeufunga kwenye kitambaa kisafi, na yeye alikikunja kitambaa akakitia mfukoni.

Nilikuwa na kopo dogo la rangi nyekundu la mume wangu. Nimeuchora mstari kwa nje, juu ya alama ya arobaini na nane, ingawa pipa lina namba zake. Namba ni za kiwandani. Mstari ni wa yule mzee, na tangu leo habari yake nitaisimulia tena kwa wote niliowachekesha nayo, kwa namna inayostahili.

Nikamimina spiriti. Kimya akashika jagi la maji, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Ngapi, mama?"

"Usihesabu. Tia hadi hapo."

Akatia. Mwishoni alimimina kwa kijiko, ameinama, jicho likiwa sawa na mstari, na mimi nilimwacha ingawa tone moja halimuui mtu. Tukafunika. Tukaketi wote wawili kuisubiri ipoe, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye dumu tupu. Nilimweleza kwa nini sabini na si tisini na sita, akasikiliza. Akauliza swali moja, tena zuri: je, kijiti kikipimwa spiriti ingali moto kinasema kweli? Nikamwambia hakisemi, kinatia chumvi, ndiyo maana tunasubiri.

Tukafungua. Pipa lilikuwa limeshuka unywele mmoja chini ya mstari, kama kawaida yake ikipoa. Akaongeza kijiko, akakoroga. Nikamwachia kijiti atumbukize mwenyewe. Kiliyumba, kikatulia.

"Sabini," akasema Kimya.

Nimewahi kujivunia mambo mengi katika chumba hiki, mengine si ya kujivunia. Leo nilimtazama mtu huyu ameshika kioo kile kwa vidole viwili na nikajisikia fahari iliyonijaa kifua, na haikuwa juu yangu mwenyewe.

Fomu mpya ya Bwana Daftari ina mahali pa sahihi mbili, ya mchanganyaji na ya shahidi. Niliandika: arobaini na nane, sabini, nikatia sahihi. Nikamsogezea kalamu. Alisoma fomu yote tangu juu, polepole, kisha akaandika jina lake lote la ukoo, herufi kubwa, akakolezea wino mara mbili.

"Nipe nakala," akasema. "Nataka mke wangu aione."